Eliza, Higgins na shilingi moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Pygmalion

Maswali haya ni yale yanayorudi kila watu wanapomaliza kuisoma tamthilia ya George Bernard Shaw, hasa wale waliotangulia kuona filamu. Nimeyajibu nikichukulia kwamba umeshaisoma au umo njiani. Nikikufichulia mwisho usinilaumu. Kazi yenyewe imepita miaka 100.

Kwa ufupi, kisa ni kipi?

Ni usiku wa mvua jijini London, saa tano na robo. Watu wamejibanza kwenye baraza ya kanisa la St Paul's, Covent Garden. Muuza maua aitwaye Eliza Doolittle anashtuka kuambiwa kwamba kuna bwana anayeandika kila neno analotamka. Bwana huyo ni Henry Higgins, mtaalamu wa fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, na haichukui muda kabla hajajigamba mbele ya Kanali Pickering, mpenzi mwenzake wa mambo ya lugha: mpeni miezi mitatu, na msichana huyu atapita kama bibi wa daraja la juu kabisa kwenye hafla ya balozi.

Kesho yake Eliza anabisha hodi kwa Higgins, Wimpole Street. Amekuja kununua masomo, maana anataka kazi kwenye duka la maua, aachane na kukaa kona ya barabara na kikapu. Pickering anaweka dau kwamba atagharimia kila kitu Higgins akifaulu. Higgins anafaulu. Hapo ndipo Eliza anapouliza swali ambalo mabwana wale wawili hawakuwahi kulifikiria hata dakika moja: sasa mimi nitaishi kwa nini?

Shaw, Mwairishi mzaliwa wa Dublin, aliiandika mwaka 1912. Kichekesho ni kwamba tamthilia hii inayohusu sauti za Kiingereza ilisikika jukwaani kwanza kwa Kijerumani, mjini Vienna, tarehe 16 Oktoba 1913. London waliiona tarehe 11 Aprili 1914.

Pygmalion ni nani? Mbona hayumo?

Ni mchongaji wa Kisiwa cha Cyprus katika hadithi za kale, ambazo mshairi wa Kirumi Ovid alizisimulia. Alichonga sanamu ya mwanamke, akaipenda, ikapewa uhai. Shaw anaigeuza hadithi hiyo kichwa chini: huku aliyechongwa alikuwa na uhai tangu mwanzo, ila mchongaji hakuuona.

Kwa nini Eliza analia sana mwanzoni? Si ameandikwa tu kwenye daftari?

Wasomaji wengi huliruka jambo hili na kumwona Eliza mtu wa kelele tu. Rudi usome upya. Anadhani Higgins ni askari kanzu. Muda mfupi kabla, amemwomba Pickering, bwana mwenye heshima zake, amnunulie ua. Mwanamke maskini anayemsemesha mwanamume wa hadhi barabarani usiku angeweza kushukiwa kwamba anajiuza, na shuhuda akiwa askari, nani angemsikiliza muuza maua? Eliza mwenyewe anasema watamharibia jina na kumtupa barabarani kwa sababu tu ya kuongea na mabwana. Ndiyo maana anarudia mpaka inachosha kwamba yeye ni msichana mwema.

Kwa hiyo kabla Higgins hajaeleza lolote kuhusu vokali na konsonanti, Shaw ameshatuonyesha kwamba usemi wa mtu wa chini unaweza kugeuzwa ushahidi dhidi yake. Kama mtu huyo ni mwanamke, kosa analofikiriwa huwa moja tu.

Bibi wa tabaka la kati akimsemesha bwana asiyemjua pale pale barazani, angetafutiwa teksi.

Je, kweli mtu angeweza kutambuliwa mtaa kwa kusikika tu?

Higgins anamwambia Eliza kwamba anatoka Lisson Grove, mtaa wa London, kisha anamwambia Pickering kwamba amepitia Cheltenham, Harrow, Cambridge na India. Kuna chumvi ya jukwaani hapo, lakini chini ya chumvi kuna nyama. Uingereza ya wakati ule iliwapanga watu kwa lafudhi bila kuhitaji kuona mavazi wala mfuko. Katika dibaji yake Shaw anasema haiwezekani Mwingereza afungue kinywa bila Mwingereza mwingine kumchukia au kumdharau.

Angalia kwamba Pickering naye ametambuliwa. Tofauti ni kwamba kwake lafudhi ni kama cheti cha shule, na kwa Eliza ni kama alama ya chuma kwenye ngozi ya ng'ombe.

Shaw alijaribu kuandika maneno ya Eliza jinsi yanavyotamkwa, kwa tahajia ya ajabu ajabu, halafu baada ya mistari michache tu akaomba radhi na kuacha, kwa kuwa asiye wa London asingeelewa kitu. Ukimwona msomaji mwenzako amekwama ukurasa wa kwanza, mwambie avumilie.

Shilingi moja ile ina maana gani? Higgins alikuwa na shida ya pesa?

Hakuwa nayo hata kidogo. Eliza anatoa shilingi moja kwa saa moja ya somo, na anaitoa kwa kiburi, kama mteja. Higgins anapiga hesabu: binti huyu anapata kama shilingi mbili na nusu kwa siku, hivyo anatoa sehemu mbili kati ya tano za kipato chake cha siku nzima. Kwa milionea, anasema, hiyo ingekuwa kama pauni 60. Hajawahi kulipwa hivyo na mtu yeyote.

Eliza, aliyesikia "pauni 60" tu, anaruka juu akidhani anadaiwa. Watu hucheka, na ni haki yao. Mimi nadhani hapa ndipo pamefichwa mzizi wa ugomvi wote wa baadaye. Eliza aliingia mlangoni kama mtu anayenunua. Pickering alipojitolea kulipa, biashara ilibadilika bila yeye kuulizwa: kutoka mteja akawa kifaa cha jaribio. Mtu aliyelipia masomo yake huondoka nayo. Aliyelipiwa huambiwa ashukuru.

Kwenye karamu ya chai ameshajua kutamka. Kwa nini anaharibu?

Kwa sababu amefundishwa sauti, hajafundishwa la kusema. Bi Higgins, mama wa Henry, amepokea wageni nyumbani kwake Chelsea. Eliza ameonywa aongee habari za hali ya hewa na afya tu. Ya hewa anaitoa kama taarifa ya redio, safi kabisa. Ikija ya afya, anasimulia kwa matamshi ya kioo kwamba shangazi yake alisemekana kufa kwa homa ya mafua, lakini yeye anaamini kizee cha watu kilimalizwa. Na kofia mpya ya majani iliyokuwa iwe yake Eliza imekwenda wapi? Aliyeichukua ndiye aliyemmaliza. Pombe kali? Kwa shangazi ilikuwa kama maziwa ya mama.

Wageni hawajui wafanye nini na masikio yao. Usemi unawaambia huyu ni mwenzao. Maneno yanawaambia sivyo. Hapo Freddy Eynsford Hill anauliza kama atapita bustanini kwa miguu, na Eliza anamjibu kwa tusi dogo ambalo mwaka 1914 halikuwa la kutamkwa mbele ya watu, kwamba yeye anachukua teksi. Ukumbi wa London ulilipuka kwa kicheko.

Kuna kipande kingine ambacho ni lazima kisomwe pamoja na hiki. Katika sehemu ya pili, Bi Pearce, msimamizi wa nyumba, anamwomba Higgins aache kutumia neno fulani mbele ya msichana. Hataki kulitamka, anasema tu linaanza na herufi moja na neno la Kiingereza la kuoga. Asubuhi ile Higgins alilitumia kwa viatu vyake, kwa siagi na kwa mkate. Neno ni lile lile. Profesa akilisema ni hasira za msomi. Muuza maua akilisema, London nzima inataka tiketi. Na Clara, dada wa Freddy, anadhani ndiyo mtindo mpya wa mazungumzo ya wakubwa, analibeba akalitumie kwingine. Sipati mahali pengine Shaw alipokata kwa kisu kikali hivi kwa neno moja tu.

Baba yake Eliza yumo wa nini? Anachekesha tu?

Alfred Doolittle, mzoa taka, anakuja Wimpole Street kudai binti yake, na ndani ya dakika chache tunajua alikuja kumuuza. Anataka pauni 5. Higgins anapotaka kumpa 10, anakataa: pauni 10 humfanya mtu aanze kuwa na busara na kuweka akiba, na hapo raha imekwisha. Yeye, anasema, ni maskini asiyestahili. Misaada yote huenda kwa wanaostahili, kana kwamba asiyestahili haoni njaa. Maadili ya tabaka la kati, kwake, ni kisingizio cha kumnyima.

Mwishoni analetewa utajiri kwa nguvu: Higgins, kwa mzaha, alimtaja kwa milionea wa Kimarekani kuwa mwanafalsafa wa maadili, naye milionea akafa na kumwachia mapato ya maelfu ya pauni kwa mwaka, kwa sharti la kutoa mihadhara. Doolittle sasa ana ndugu asiowajua, ana daktari na wakili, na inambidi afunge ndoa na mwanamke aliyekuwa akiishi naye bila kelele. Anakwenda kanisani kama anayekwenda kunyongwa.

Mweke sambamba na bintiye. Baba amepanda ngazi bila kubadilisha hata irabu moja, kwa kuwa pesa zilitangulia. Binti amebadilisha kila kitu, na pesa hazikuja. Mwanamume mwenye fedha na lafudhi ya jalalani ni mtu wa kuvutia. Mwanamke mwenye lafudhi ya ikulu na mfuko mtupu ni tatizo. Halafu, tusisahau, huyu baba mcheshi ni mtu aliyempangia bei mtoto wake. Tusicheke mpaka tukasahau hilo.

Sentensi gani ndiyo moyo wa tamthilia hii?

Kila mtu ana yake. Wengi hutaja ile ambayo Eliza anamwambia Pickering, kwamba tofauti ya bibi na muuza maua si jinsi anavyojiendesha, ni jinsi anavyotendewa. Anaeleza pia masomo yake halisi yalianza lini: siku Pickering alipomwita Miss Doolittle, siku ile ile ya kwanza Wimpole Street. Msomaji wa Kiswahili haya hayahitaji kuelezwa sana. Kuna nyumba ambazo msichana wa kazi huitwa "we" mwaka mzima, na siku mgeni anapomwita "dada" anageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake.

Lakini yangu mimi iko sehemu ya nne, usiku wa ushindi, Higgins anapopendekeza, kwa wepesi kabisa, kwamba mama yake anaweza kumtafutia Eliza mume. Eliza anamjibu kwamba kule kwenye kona ya Tottenham Court Road alikuwa anauza maua, hakuwa anajiuza; sasa wamemfanya bibi, hana tena kingine cha kuuza. Kiingereza kinahitaji maneno mengi. Kiswahili kina silabi moja: *kuuza*, *kujiuza*. Ile *ji* ndiyo umbali kati ya kikapu cha maua na sebule ya Chelsea, na Eliza ameutembea kuelekea upande asioutarajia.

Basi Higgins ni mtu mbaya?

Ni mtu aliyelelewa vizuri mno na mama mwerevu hadi hakuwahi kulazimika kukua. Kujitetea kwake ni kwamba hamdharau Eliza peke yake, anawatendea wote hivyo hivyo. Ni kweli, na bado haitoshi. Ukali kwa mtu wa daraja lako ni tabia. Ukali huo huo kwa mtu anayekula kwako ni jambo lingine.

Wanawake wengine wana kazi gani humu?

Kubwa kuliko inavyoonekana. Bi Pearce na Bi Higgins, mmoja mwajiriwa na mwingine mwenye mali, wanauliza swali lile lile bila kukutana: jaribio likiisha, msichana huyu mtamfanya nini? Bi Higgins anawaambia mabwana hao kwamba ni watoto wawili wanaochezea mwanasesere aliye hai, na kwamba wanampa Eliza tabia zitakazomzuia kujipatia riziki bila kumpa mapato ya kuziendesha. Hakuna aliyeeleza jambo hili vizuri zaidi, wala Eliza mwenyewe. Mabwana wanamsikiliza kisha wanaondoka wakicheka.

Mwangalie pia Bi Eynsford Hill na wanawe. Wana jina, wana lafudhi, hawana fedha. Hadhi inawakataza kufanya kazi, na umaskini unawakataza kuishi bila kazi. Eliza anapandishwa kwa jasho ili afike mahali ambapo familia hii tayari imekwama.

Haya yalikuwa yanazungumzwa wakati huo, au tunayaweka sisi?

Yalikuwa yamejaa barabarani. Juni 1913 Emily Davison, mpigania kura ya wanawake, alifariki baada ya kugongwa na farasi wa mfalme kwenye mashindano ya Epsom. Mwanamke wa Uingereza hakuwa na kura ya bunge wakati Eliza anapanda jukwaani London. Waliokuwa na umri wa miaka 30 na kuendelea na sifa za mali waliipata 1918, na usawa na wanaume ukaja 1928. Watazamaji waliposikia mwanamke akiuliza ataishi kwa nini, hawakuhitaji maelezo ya pembeni.

Mbona sikuiona hafla ya balozi katika kitabu changu?

Kwa sababu katika tamthilia ya awali inapita nyuma ya pazia, kati ya sehemu ya tatu na ya nne. Shaw aliiandikia filamu ya 1938, kisha ikaingizwa katika toleo la 1941. Ndani yake mtaalamu wa lugha kutoka Hungary anachunguza Eliza na kutangaza kwamba si Mwingereza, ni binti wa kifalme wa Hungary, maana anaongea Kiingereza sahihi kupita kiasi. Wenye lugha yao hawaongei hivyo. Mtu aliyejifunza Kiswahili sanifu darasani akaenda nacho Tandale au Mombasa anajua vizuri anachosema bwana yule.

Mwishoni Eliza anaolewa na nani?

Jukwaani, hakuna. Eliza anaondoka, Higgins anabaki akicheka peke yake. Shaw alitaka hivyo, na karibu kila mtu mwingine alitaka ndoa. Herbert Beerbohm Tree, aliyeigiza Higgins London, alikuwa akimrushia Eliza maua kabla pazia halijashuka, ili watu waende nyumbani wakitabasamu. Shaw alikasirika kweli kweli. Kwa jambo hilo, toleo la 1916 lina maelezo marefu ya nyongeza: Eliza anafunga ndoa na Freddy, Pickering anawapa zawadi ya pauni 500, wanafungua duka la maua, hesabu zinawashinda, wanarudi shule kujifunza biashara, na duka linasimama polepole.

Kiswahili kinamsaliti Eliza hapo. Kwetu mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa, na anayesema "ameolewa" akiwa na maana ya mume, amemtukana. Freddy wa nyongeza ile hana kazi, hana ujuzi. Mwenye mpango wa riziki ni mkewe. Ukitafsiri "Eliza aliolewa na Freddy" sarufi imetimia na kisa kimepotea.

Muziki wa My Fair Lady ni kitu kile kile?

Ni mtoto wake, mwenye sura ya Tree kuliko ya Shaw. Ulianza Broadway 1956, filamu ikaja 1964, na mwishoni Eliza anarudi kwa Higgins. Nyimbo nzuri. Usiutumie kujibia mtihani wa Pygmalion.

Eliza aongee Kiswahili gani nikimtafsiri?

Hapa wengi hukosea kwa kumpa lahaja. Kimvita au Kiamu havimtoshi: hizo ni lahaja za mahali, zenye ushairi mkubwa nyuma yake, na anayezisema hana sababu ya kuona haya. Sheng ya Nairobi na lugha ya vijiwe vya Dar es Salaam nazo hubeba ujana na ujanja zaidi ya unyonge. Mtoto wa tajiri huzitumia kwa kupenda.

Kwa maoni yangu, kinachofanya kazi ya lafudhi ya Eliza kwetu ni Kiingereza chenyewe: nani anakitoa puani, nani anakikwepa, nani akipiga simu ofisini anapokelewa kwa sauti nyingine. Ukiitunga upya Pygmalion kwa mazingira ya hapa, Higgins wako huenda ni mwalimu wa Kiingereza. Ukiitafsiri ilivyo, muache Eliza aongee Kiswahili cha kawaida cha mtaani, chenye kasi na mkato, na uache mshangao wa wengine utuonyeshe wanavyomsikia.

Tuna dakika kumi na tano tu za kuigiza. Tuchague wapi?

Mwanzo wa sehemu ya nne. Ni usiku wa manane, wote watatu wamerudi kutoka kwenye ushindi. Wanaume wanapiga miayo na kupongezana, wanasema afadhali imekwisha, ilikuwa inachosha. Higgins anatafuta sapatu zake. Eliza anatoka kimya, anazileta, anaziweka mbele yake. Higgins anaziona na kushangaa kana kwamba zimejileta.

Makosa ya vikundi vingi ni kumwacha mwigizaji wa Eliza aanze kulia mapema. Mkalishe kwenye kiti, mikono mapajani, asiangalie mtu. Wanaume waongee kwa raha zao bila haraka. Sapatu zirushwe baada ya Pickering kwenda kulala, si kabla.